Shajara ya mradi: kijaluba cha sindano chenye umbo la Sindano ya Kleopatra

Lengo: kijaluba cha shaba njano (brasi, kama mafundi wengi wanavyoiita), umbo la obeliski (mnara wa jiwe wa pande nne unaochongoka) iliyoko London, kipimo cha 1:200, cha kubeba sindano za mkono namba 6 hadi 9 (namba ikipanda, sindano hupungua) bila kuchanganyika wala kushika kutu. Mtindo unaofuatwa ni wa vijaluba vya Redditch vya miaka ya 1870.

JUMA LA 1: Kinachoigwa

Mwishoni mwa karne ya 19 mji wa Redditch, Worcestershire, ulikuwa unatengeneza sehemu kubwa ya sindano zote za dunia. Pakiti ya kawaida ilikuwa karatasi nyeusi iliyokunjwa. Kampuni ya W. Avery & Son ya hapo hapo ikaongeza kitu: kijaluba cha bamba jembamba la shaba lililopigwa chapa, ambacho mnunuzi asingekitupa sindano zikiisha. Kile cha 1868 kiitwacho Quadruple Golden Casket kina vyumba vinne, kila namba na chumba chake: 6, 7, 8 na 9. Baadaye vikaja vya maumbo: kipepeo, mzinga wa nyuki, toroli, kinu cha upepo, na minara ya watalii.

Obeliski ilikuwa lazima iingie kwenye orodha hiyo, maana jina lake lenyewe ni sindano. Waarabu nao huiita misalla, neno lile lile la sindano kubwa ya kushonea magunia. Kwa Kiswahili tungesema shazia. Jiwe lenyewe lilichongwa Misri enzi za Farao Thutmose III, likasimama Heliopolis, Warumi wakalihamishia Alexandria. Uingereza ilipewa mwaka 1819, lakini nauli haikupatikana hadi daktari Erasmus Wilson alipotoa pauni 10,000. Lilisafirishwa mwaka 1877 ndani ya chombo cha chuma cha umbo la bomba. Dhoruba ilikipiga katika Ghuba ya Biscay mwezi Oktoba na mabaharia sita wakafa. Lilisimamishwa kando ya mto Thames tarehe 12 Septemba 1878. Chini yake walifukia sanduku lenye sarafu, magazeti, wembe, vibanio vya nywele na picha za wanawake 12 waliohesabiwa kuwa warembo. Kijaluba cha sindano kingefaa sana mle.

Kwa anayetafuta vya zamani vyenyewe, alama ya kuangalia ni chapa ndogo ya umbo la almasi iliyogongwa kwenye shaba. Usajili wa maumbo Uingereza kati ya 1842 na 1883 ulitumia alama hiyo. Duara la juu lina namba ya Kirumi, na I maana yake ni bidhaa ya metali. Kuanzia 1868 herufi ya mwaka imo pembe ya kulia: P ni 1877, D ni 1878. Nakala za kisasa za kumimina hujulikana kwa uzito na ukuta mnene, mistari iliyolegea, na vitundu kama vya maandazi upande wa ndani. Tena huwa ndogo kidogo kuliko ya asili, kwa sababu shaba iliyoyeyushwa husinyaa inapopoa.

Vipimo vya kazi. Jiwe lina urefu wa karibu mita 21. Kwa 1:200 tunapata mm 104: shina mm 93, ncha ya piramidi mm 11. Upana wa chini mm 11.6, wa juu mm 7.4. Jiwe halina mraba kamili, upande mmoja ni mpana kidogo kuliko jirani yake, lakini hapa tumelifanya mraba ili kifuniko kiingie vyovyote kitakavyogeuzwa.

Vifaa: bamba la shaba njano la mm 0.5, mchanganyiko wa 70 kwa 30. Kipande cha fito mraba ya mm 8 kwa ajili ya ncha. Bamba la mm 6 kwa kitako. Bamba la mm 0.3 kwa vigawanyio, lehemu ya fedha laini, boraksi, waya mweusi wa kufungia, feriki kloraidi (tindikali ya kula shaba), asidi ya limau ya unga.

JUMA LA 2: Mkato na maandishi

Hatuna mashine ya kupigia chapa, kwa hiyo shina linakunjwa kutoka kwenye bamba moja. Hapa ndipo wengi hukosea. Pande nne zinazopungua upana haziwezi kupangwa kama mstatili. Zikilala pamoja zinafunguka kama upepeo. Kila upande una nyuzi karibu 2.6, jumla nyuzi 10 na kitu. Ukikata ukingo wa chini kwa rula moja iliyonyooka, pembe na katikati vitatofautiana karibu mm 1 baada ya kukunja, na mnara utayumba kama meza ya mkahawa. Chora upande mmoja kwenye karatasi ngumu, ukate, kisha uuzungushe mara nne, ukingo kwa ukingo. Ongeza mm 3 za ziada juu na chini. Zina kazi yake, na zitakatwa mwishoni.

Maandishi yanachorwa kabla ya kukunja, bamba likiwa bado tambarare. Kwenye jiwe kila uso una safu tatu za maandishi: ya katikati ni ya Thutmose, za pembeni aliziongeza Ramses II karibu miaka 200 baadaye. Kwa upana wetu kila safu inapata mm 3 chini na pungufu ya 2 juu. Tindikali hula kwenda chini na kwenda kando kwa pamoja. Ukichimba mm 0.1, kila ukingo unaliwa karibu kiasi hicho hicho kwa upande, kwa hiyo ukuta wowote kati ya alama mbili ulio chini ya mm 0.25 unatoweka. Hiyo ilitulazimisha kupunguza alama: ndege, jua, jicho, mawimbi ya maji, na fremu ya jina la mfalme. Maneno kamili hayawezekani kwa ukubwa huu, na anayeahidi vingine hajajaribu.

Picha ilichapwa kwa printa ya tona (wino wa unga) kwenye karatasi ya gazeti la kung'aa, ikabandikwa kwa pasi ya moto dakika 4, kisha ikalowekwa kwenye maji ya uvuguvugu hadi karatasi ilipotoka yenyewe. Bamba la kwanza limeharibika: picha haikugeuzwa kabla ya kuchapwa. Pasi huhamisha picha kama muhuri, kulia kunakuwa kushoto. Katika maandishi haya wanyama hutazama mwanzo wa mstari, hivyo kosa hilo linaonekana na mtu yeyote anayelinganisha kazi na jiwe lenyewe. Geuza picha kwanza.

Bamba la pili limefaulu, isipokuwa vitobo. Kwa kuwa alama zimezama na uwanja umebaki, tona inafunika eneo kubwa, na tona haifuniki eneo kubwa sawasawa. Kabla ya kuzamisha, shika bamba dhidi ya mwanga mkali na uzibe kila kitobo kwa rangi ya kucha. Mgongo wa bamba ufunikwe wote kwa utepe wa plastiki.

Feriki kloraidi kwenye bakuli la plastiki, joto la nyuzi 40, bamba likielea uso chini ili uchafu udondoke badala ya kukaa ndani ya alama. Dakika 40 zimetoa kina cha mm 0.1. Kwenye nyuzi 25 hesabu zaidi ya saa moja. Dawa iliyotumika ina shaba na haimwagwi kwenye sinki wala shambani. Tia magadi kidogo kidogo hadi iache kutoa povu, acha tope litulie, kisha tope likauke na lipelekwe pamoja na taka za kemikali.

JUMA LA 3: Kukunja

Mifuo mitatu ya V upande wa ndani, kwa tupa ya mraba, ikiongozwa na kipande cha chuma kilichobanwa kwenye jiriwa pamoja na bamba. Kina ni mm 0.35, yaani theluthi mbili na zaidi ya unene. Dalili ya kuwa umefika ni mstari mwembamba unaoanza kujitokeza upande wa nje. Chini ya hapo pembe inakuwa ya mviringo; juu ya hapo inakatika mkononi.

Bamba lililainishwa kwa moto baada ya kutiwa mifuo, si kabla, kwa kuwa tupa huteleza na kung'oa shaba laini. Moto hadi wekundu hafifu unaoonekana gizani tu, halafu lipoe lenyewe hewani. Ukilifanya jekundu la machungwa, chembe za shaba hukua na uso unageuka ganda la chungwa utakapokunja.

Kukunja kumefanyika juu ya kalibu ya mpingo iliyopigwa randa kwa kipimo cha ndani: mm 10.6 chini na mm 6.4 juu. Mpingo ni mgumu kiasi kwamba pembe zake hazipondeki, na ukiupaka sabuni unateleza kutoka. Mninga ulijaribiwa kwanza na pembe zake zilikwisha kwenye mkunjo wa pili. Kalibu itolewe kabla ya moto. Jambo la wazi, lakini limeandikwa hapa kwa sababu.

JUMA LA 4: Lehemu

Mshono mmoja uko pembeni, nyuma. Waya wa kufungia ndio uliosumbua. Kwenye bomba linalochongoka waya hauna mahali pa kushika: ukiukaza, unateremka kuelekea upande mwembamba na kulegea, na mshono unafunguka katikati moto ukiwa juu yake. Zile mm 3 za ziada ndipo zinapoingia. Toa vijino vidogo kwenye kingo za ziada juu na chini, pitisha waya mmoja wa urefu kati yake, kisha vifungo vya mzunguko vitano vishikwe na waya huo. Waya uwe mweusi, ambao haujasuguliwa. Unaong'aa unalehemiwa pamoja na kazi.

Lehemu huingia popote penye joto na usafi, pamoja na ndani ya alama zilizochorwa. Pande zote za maandishi zimepakwa chaki iliyokorogwa kwa maji, hadi mm 1 kutoka kwenye mshono. Vipande vya lehemu vya mm 1 viliwekwa ndani ya bomba, moto ukapigwa kutoka nje. Lehemu hufuata joto, hivyo ilivutwa kupita mshono na kujitokeza nje kama uzi. Ikipangwa nje na moto ukawa nje, unabaki na vinundu vya kusugua kwa tupa juu ya maandishi.

Kuoshwa: gramu 50 za asidi ya limau kwenye nusu lita ya maji ya moto, dakika 15. Mara ya kwanza kazi ilitoka ya waridi. Sababu mbili zinaweza kuleta hilo. Ya kwanza ni koleo au waya wa chuma kuachwa ndani ya asidi: shaba nyekundu iliyomo kwenye maji hujipaka juu ya kazi. Ya pili ni kazi kukaa mno hadi zinki ya juu ikatoka. Hapa ilikuwa kipande cha waya kilichosahaulika ndani ya bomba. Utando ule huondoka kwa asidi hiyo hiyo ikiongezwa haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, dakika 2 au 3, bila kuondoka pembeni. Zinki ikishatoka dawa yake ni msasa tu, na msasa utakula maandishi.

Ncha ya piramidi ni kipande cha fito kilichochongwa kwa tupa, gramu 1.7. Imelehemiwa juu ya shina. Uamuzi huo haukuwa wa kwanza.

JUMA LA 5: Kifunguke wapi?

Mpango wa awali ulikuwa ncha iwe kifuniko. Umejaribiwa kwa shina la majaribio lisilo na maandishi, na umekataliwa. Ncha ya mm 7 haishikiki kwa vidole vyenye jasho. Mdomo uko upande mwembamba, kwa hiyo ukiinamisha, sindano zote zinateleza kwenda kubanana mlangoni: ama haitoki hata moja au zinatoka 15 kwa mpigo. Namba zimechanganyika, na kutofautisha 7 na 8 kwa jicho jioni si kazi ya kumpa mshonaji. Anayeshona kofia za mkono za vito anataka sindano yake ile ile, kila mara.

Mpango wa pili: mnara wote ni kifuniko. Unainuliwa juu, na sindano zinabaki zimesimama kwenye kikombe kilicholehemiwa juu ya kitako.

Kikombe ni mraba wa mm 9.0 nje, mm 8.0 ndani, kimo mm 30. Vipimo hivi havikuchaguliwa kwa macho. Ndani ya shina ni mm 10.6 mdomoni, na upana unapungua mm 0.045 kwa kila mm ya kupanda. Kwenye kimo cha mm 30 umebaki mm 9.2 tu. Kikombe cha mm 9.5 kinaonekana kinatosha ukipima mdomoni, kisha kinakwama njiani.

Kikombe kisicho na vigawanyio kilishindwa papo hapo. Sindano ya mm 38 ikiegemea kutoka ukuta hadi ukuta inatoa kichwa nje kupita mdomo wa mnara, na mnara unaposhushwa unaikunja au unaipiga pembeni. Msalaba wa bamba la mm 0.3 umegawa kikombe vyumba vinne vya mm 3.85. Sasa sindano haiwezi kulala: hata ya mm 38 kichwa chake kinaishia mm 5 kutoka katikati, na mnara una nafasi ya mm 5.3. Ya mm 40 inagusa. Kwa hiyo mwisho ni namba 6, na Redditch waligawa vyumba vinne kwa namba hizo hizo. Sisi tumefika hapo kwa sababu ya mteremko wa ukuta. Wao walikuwa na sababu zao.

Kila chumba kinachukua sindano 8 hadi 10 bila kubana. Namba 9 ni fupi na ilizama, imebaki na mm 3 tu juu, hivyo chumba chake kimewekewa kipande cha mm 3 cha gome la vizibo vya chupa chini.

JUMA LA 6: Mshiko

Tulitarajia kuweka kispringi ili mnara usichomoke. Hakikuhitajika. Kila ukuta wa shina umeinama karibu nyuzi 1.3, na mwinamo mdogo namna hiyo hujifunga wenyewe, kwa kanuni ile ile inayoshika vichwa vya keekee kwenye mashine kubwa bila skrubu. Kinachotakiwa ni ukosi chini ya kikombe, uliochongwa kwa mwinamo ule ule, ukingo wake wa chini mm 10.6. Sukuma kidogo, umeshika.

Tatizo likawa kinyume chake. Ukosi wa kwanza, kimo mm 8, ulishika hata ikabidi kuvutwa kwa nguvu, na uliponyanyuka ghafla sindano zikaruka mezani. Umepunguzwa kwa tupa hadi mm 3 za kugusana. Unafunguka sasa kwa kupinda kidogo huku ukivuta, na ukigeuzwa juu chini mnara haudondoki. Usipake mafuta wala nta kwenye ukosi. Msuguano ndio unaofanya kazi. Vumbi la msasa nalo lisiachwe hapo, litakwaruza na kulegeza mshiko.

Kitako ni bamba la mm 22 kwa 22, unene mm 6, karibu gramu 25. Kwa mnara wa gramu 17 kinatosha; unene wa mm 3 ulijaribiwa na kijaluba kilianguka kwa kuguswa na kitambaa. Sanamu mbili za sphinksi (simba wenye kichwa cha mtu) za London hazikuwekwa. Zile za kweli, kazi ya George Vulliamy, zinatazama obeliski badala ya kuilinda kwa kutazama nje, na moja ina matundu ya bomu la ndege la Septemba 1917. Kwa 1:200 zingekuwa vibonge.

JUMA LA 7: Kutu na umalizio

Sindano ni chuma chenye kaboni kilichopakwa nikeli, na nikeli huisha kwanza kwenye ncha na tunduni. Chuma kikigusana na shaba penye unyevu wa chumvi, chuma ndicho kinacholiwa. Jasho la vidole linatosha. Hewa ya mwambao inatosha zaidi. Kwa hiyo sindano zisigusane na shaba tupu: kila chumba kimepakwa ndani vanishi safi ya akriliki tabaka mbili, na chini pamewekwa karatasi nyeusi isiyo na asidi. Pamba na flaneli ya sufu zimeachwa. Sufu hutoa salfa inayotia shaba weusi, na pamba huhifadhi unyevu. Vanishi ikauke siku 3 kabla ya kutia sindano, la sivyo zinaganda.

Nje: msasa namba 1200 kwa maji kwenye pembe tu, maandishi yakapakwa weusi, uwanja ukafutwa kwa kitambaa kilichokazwa juu ya kibao. Kidole kinaingia ndani ya alama na kuufuta weusi. Halafu vanishi tabaka moja nyembamba, ukosi ukiwa umezibwa kwa utepe.

Kijaluba cha zamani kisifanyiwe haya. Vingi vilitoka kiwandani na umalizio wa rangi ya dhahabu, na dawa ya kung'arishia shaba itauondoa kwa mara moja. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, brashi laini, kukausha mara moja. Ukungu wa kijani uondolewe kwa kijiti cha mti, mkavu.

Uzito wa mwisho pamoja na sindano 34: gramu 51. Kimo kamili mm 110.

Kinachofuata: kiolezo hiki kinakaribia kutosha kwa mnara wa Washington, uliokamilika 1884. Mita 169 kwa 1:1600 ni mm 106, upana wa chini mm 10.5, wa juu mm 6.6. Nje hauna maandishi, kwa hiyo juma la 2 karibu lote linaruka. Kikombe itabidi kishuke hadi mm 8.0 nje, vyumba vitabaki mm 3.35, na namba 6 itapimwa upya kabla ya bamba lolote kukatwa.